Mwewe Namba Mbili

Mimi sijui kukaa. Chai nainywa nimesimama, simu naipokea nikitembea, na mama yangu ameshakata tamaa ya kuniambia "Sumayah, tulia." Kwa hiyo watu wa kwetu Koboko, huku Uganda, walicheka mpaka wakashika mbavu waliposikia nimepata kazi Arua, kazi ya kukaa kwenye kiti saa nane kwa siku nikitazama picha za ndege.

"Nani nalipa mutu kuangalia ndege?" aliuliza mjomba wangu Siraji, mwenye bucha karibu na soko. "Hapa juu ya bucha yangu iko mwewe mingi sana. Kuja angalia, mimi nalipa wewe na maini."

"Ni Wazungu, Mjomba. Wana mitambo ya upepo ya kutoa umeme. Ndege wakipita karibu, mapanga yake yanayozunguka yanawakata, na sheria yao inakataza."

"Sheria ya ndege!" alisema, akaenda mbio kumsimulia jirani yake muuza mkaa.

Kazi yenyewe ni hivi. Huko Ulaya, pembeni ya mitambo ya upepo, wamefunga kamera zinazotazama mbingu mchana kutwa. Kamera ikimwona ndege anayelindwa, inaamuru mapanga yapunguze mwendo mpaka yasimame, ndege apite, kisha yaendelee. Lakini kamera haizaliwi na akili. Inafundishwa kwa maelfu ya picha ambazo mtu amekwisha kuzitazama na kusema huyu ni nani na yule ni nani. Mtu huyo alikuwa mimi, pamoja na wenzangu kumi na mmoja, katika chumba kilicho juu ya duka la saruji na mabati mjini Arua. Ukiandika moja, umesema ndege huyu analindwa, mapanga yasimame. Ukiandika mbili, ni ndege wa kawaida, mapanga yaendelee. Tatu si ndege kabisa, labda mdudu ametua kwenye kioo.

Kila picha ilikwenda kwa watu watatu, kila mmoja peke yake, bila kuulizana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza. Wote watatu wakikubaliana, picha inapita. Ukiwa tofauti na wenzako wawili, unakatwa alama. Alama zako zikishuka chini ya themanini, akaunti inajifunga yenyewe, na mashine haina sikio la kusikia kilio. Tena alama ya kundi zima ikishuka chini ya tisini na tano, kazi inapelekwa mji mwingine, pengine nchi nyingine.

Kanuni ya kutoulizana tuliivunja wiki ya pili, na aliyeivunja ni mimi. Nilimkuta Paska Candiru kwenye ngazi analia. Paska ni mama wa watoto watatu, ametoka Ludara, ameacha shamba la mihogo akaja kupanga chumba Arua kwa ajili ya kazi hii. Alama zake zilikuwa themanini na mbili. Sasa, mimi nimekulia katika nyumba za Wanubi ambamo mtu akipika, majirani watatu wanaonja chumvi. Nimkute mwenzangu anazama, nimnyime jibu kwa sababu ya kanuni iliyoandikwa na mtu asiyemjua? Nilifungua kundi la WhatsApp palepale kwenye ngazi, nikaliita Macho ya Arua. Ukishikwa na wasiwasi, tuma picha, tujibu pamoja.

"Tujibu pamoja" ilidumu siku mbili. Baada ya hapo nikawa najibu mimi. Najua kwa nini: mimi nina haraka, na mwenye haraka hujibu kabla wenzake hawajavaa miwani. Watu wakazoea. Hata Ayiko, kiongozi wetu, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi na ambaye hapandishi sauti hata akikanyagwa, alikuwa anasema, "Kama mutu hapana jua, ulize Sumayah." Sitadanganya, nilipenda. Nilipenda sana.

Picha zilizotusumbua zaidi zilikuwa za mwewe. Katika orodha ya kampuni kulikuwa na mwewe mwekundu, huyo ni moja, na mwewe mweusi, huyo mradi wao ulimhesabu mbili. Kitabu cha maelekezo kilionyesha picha nzuri zenye rangi. Picha tulizoletewa sisi zilikuwa kivuli cheusi kwenye wingu, kidogo kama mbegu ya papai. Rangi utaionea wapi? Kilichoonekana ni mkia uliochanika katikati, basi. Watu wakaanza kutuma: huyu yupi? Nikaandika kwenye kundi, nakumbuka nilikuwa nasubiri chapati: "Mkia uliochanika ni mwewe mweusi, huyuhuyu wetu mwizi wa nyama. Mbili."

Miezi mitatu tukaandika mbili. Kundi likapanda hadi tisini na tisa. Bi Henrike, mwanamke wa kampuni aliyetusimamia kutoka huko kwao, akatuandikia kwamba hakuna kundi lao lolote linalokubaliana kama watu wa Arua. Ayiko alichapisha barua ile akaibandika ukutani, juu ya mtungi wa maji.

Halafu nikaenda Koboko kumsalimia mama, siku ya Jumamosi, nikapita buchani kwa mjomba.

Alikuwa anakata utumbo, na kama kawaida yake alitupa vipande juu ya bati la kibanda cha jirani ili mwewe wasimsumbue kwenye meza. Walikuwa kumi au zaidi. Mmoja alishuka, akageuka ghafla juu ya vichwa vyetu kukwepa waya, akaufungua mkia wote. Ule mchaniko ukapotea. Mkia ukawa umenyooka mwishoni kama ukingo wa ubao.

Nilisimama. Akaja wa pili, akaufungua, ukanyooka. Wa tatu vilevile.

"Tupa tena, Mjomba."

"Hii nyama iko ya mbwa ya mutu, nimeahidi."

"Tupa!"

Akatupa. Nikatoa simu, nikawapiga video, kisha nikafungua zile picha za kundi, za wale mwewe wa Ulaya. Nilizitazama moja baada ya nyingine huku wateja wakinisukuma. Wengi walikuwa wameufungua mkia wazi kabisa, na mchaniko ulikuwa palepale, wa kina, kama mtu amekata kitambaa kwa mkasi. Huyo hakuwa mwewe wetu. Hajawahi kuwa mwewe wetu. Huyo ndiye mwekundu, ndiye moja, na sisi tulikuwa tumeifundisha kamera kwamba akija, mapanga yaendelee kukata.

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu si desturi yangu. Nilikaa chini, mimi nisiyejua kukaa, na jua lile la Koboko likiwa juu ya kichwa.

"Wewe iko mgonjwa?" mjomba aliuliza.

"Nimefundisha watu uongo, Mjomba. Watu kumi na mmoja."

"Basi wewe naambia wao ukweli," alisema, akaendelea kukata. Kwake mambo ni mepesi hivyo.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mlinzi. Ayiko alipokuja nilimwonyesha video niliyopiga buchani na picha zetu, sambamba. Alitazama muda mrefu. Mwalimu ni mwalimu, alielewa bila kuelezwa.

"Ijumaa iko mkutano na Bi Henrike," alisema. "Ijumaa wao naamua kama sisi iko na kazi mwaka ingine. Wewe ngojea Ijumaa ipite."

"Na hao ndege?"

"Ndege ya mutu gani? Wewe najua jina yake?" Kisha akajuta, akapunguza sauti. "Sumayah, ukisema hii kitu ya mkia, wao naulize: namna gani watu kumi na mbili nakosa sawasawa? Hapo utasema nini? Utasema WhatsApp. Na WhatsApp iko kanuni ya kwanza. Kazi naisha siku hiyohiyo, kwa sisi yote."

Alikuwa sahihi, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angekuwa mjinga. Nilizunguka meza yake mara tatu mpaka akaniomba nitoke.

Nikajaribu njia ya kimyakimya. Kila mwewe wa mkia ule aliponijia, niliandika moja. Peke yangu. Wenzangu wawili waliandika mbili kama nilivyowafundisha, na mashine ikanikata mimi. Asubuhi nilikuwa tisini na saba. Jioni, tisini na moja. Jumanne, themanini na saba. Unajua inavyouma kuadhibiwa kwa jibu sahihi na watu uliowapa jibu la uongo mwenyewe? Nilikuwa nainuka kitini kila dakika tano, nafungua dirisha, nafunga, nakunywa maji nisiyoyataka.

Kundi nalo likashuka, tisini na nane, tisini na saba. Obitre, kijana wetu wa hesabu, mcheshi ambaye kila kitu kwake ni mpira, aliandika kwenye WhatsApp: "Nani nafunga goli kwa timu yake? Huyu wa moja ajitokeze." Watu wakacheka kwa vikatuni. Mimi, msemaji wa kundi, kwa mara ya kwanza sikujibu.

Jumatano mchana Paska alinifuata kwenye ngazi, zilezile.

"Dada Sumayah, ile moja ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilimweleza yote, buchani, mkia, mapanga. Alisikiliza huku akikunja ncha ya kitenge chake.

"Sasa kazi naisha?"

"Inawezekana."

"Mimi jembe siogopi," alisema. "Jembe najua. Lakini watoto nimeambia hatutarudi Ludara. Hiyo ndiyo naogopa, kuambia wao tena." Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alirudi kwenye kiti chake, na nilipomtazama alikuwa anaandika mbili, mbili, mbili.

Ijumaa saa tisa alasiri tulikusanyika mbele ya kompyuta ya Ayiko. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Bi Henrike alitokea kwenye kioo, nyuma yake mvua ikipiga dirisha, akatusalimia na kutupongeza. Anaongea Kiingereza taratibu, kwa heshima, na hata nilipokuwa na hasira naye sikuweza kumchukia.

Alitueleza kwamba mambo kwao yanakwenda mbio. Zamani, alisema, kupata kibali cha kujenga mitambo ya upepo kulichukua miaka saba, wakati mwingine kumi, watu wanakaa shambani na darubini wakihesabu ndege. Sasa serikali zao zinataka umeme wa upepo haraka, hazitaki kutegemea gesi ya watu wengine, na viwanda vyao vinalia kwamba vitashindwa na Wachina vibali vikichelewa. Sheria mpya imefupisha muda uwe miaka miwili. Wapenda ndege walipopiga kelele, wakapewa ahadi: mitambo ijengwe haraka, kamera itawalinda ndege. Mitambo mipya ni mikubwa, panga moja linakaribia urefu wa uwanja wa mpira, lakini kamera itaona.

"Mpaka sasa kamera zinafanya kazi mtu akiwa pembeni anaangalia," alisema. "Jumatatu, katika maeneo matatu, tunamwondoa huyo mtu. Zitaamua zenyewe. Na zimejifunza kwenu. Kwa hiyo nawashukuru sana." Kisha akatabasamu. "Kuna swali kabla hatujazungumza kuhusu mwaka ujao?"

Mkono wa Ayiko ulikwenda kwenye kitufe cha kuzima sauti. Nilimwona, na yeye aliniona nimemwona. Kidole kilikaa pale juu ya kitufe, hakikubonyeza. Mpaka leo sijui kama ni uoga au ndiyo ruhusa aliyoweza kunipa.

Niliinuka. "Bi Henrike, kamera zenu haziwezi kumwona mwewe mwekundu. Tumeziambia kwamba ni mweusi."

Nikasema yote. Nilisema kuhusu mkia na bucha. Aliponiuliza, vilevile kama Ayiko alivyotabiri, inawezekanaje watu kumi na wawili wakosee kitu kimoja kwa namna moja, nikamwambia tuna kundi la WhatsApp, ni mimi niliyelifungua, na ni mimi niliyetoa hukumu ya mwewe nikisubiri chapati. Sijui kwa nini nilitaja chapati.

Nilihisi macho ya wenzangu mgongoni, na sikugeuka kwa sababu nilijua ya Paska yako wapi.

"Picha ngapi?" Bi Henrike aliuliza.

Obitre ndiye aliyejibu, bila mzaha wowote. "Thelathini na tisa elfu, Madam."

Alivua miwani akaiweka chini. Alisema asante. Alisema mpango wa Jumatatu hautakuwepo. Alisema kazi inasimama kuanzia saa ile mpaka atakapotuarifu, na kioo kikawa cheusi.

Walitoka mmoja mmoja. Obitre alipita karibu yangu akasema, "Wewe ulifanya sisi kosea, na sasa wewe nafanya sisi kosa kazi. Mara mbili, dada." Nilipofika kituo cha magari ya Koboko, simu ilikuwa inaniambia kwamba watu wanaondoka kwenye Macho ya Arua. Kabla gari halijajaa nilikuwa nimebaki na Paska tu, naye labda alikuwa hana bando.

Wiki mbili sikujua pa kujiweka. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilikwenda mpakani Oraba bila shughuli yoyote, nikasimama pale wanapobadilisha fedha, nikatazama malori yanayongoja kuvuka kwenda Kaya, Sudan Kusini, nikarudi. Mama alisema Mungu amenipa miguu ya mbuzi. Usiku nilihesabu watoto wa wenzangu badala ya kulala. Nilikuwa na hasira na kampuni, na Ulaya na haraka yao, na mwewe, lakini nikizunguka kote nilijikuta nimerudi kwangu.

Ayiko alipiga simu siku ya Alhamisi. Nilikuwa buchani, namsaidia mjomba kupima nyama.

"Kazi imerudi," alisema. "Picha yote tunarudia, upya kabisa. Halafu wao naongeza mwaka moja."

Nilipiga kelele mpaka mteja akadondosha mfupa. Nilianza kumuuliza Jumatatu tunaanza saa ngapi.

"Sumayah." Alivuta pumzi. "Akaunti yako wao nafunga. Wao nasema, yule mutu kosa ilitokea kwake hawezi gusa picha ya kurekebisha. Iko kanuni yao. Mimi niliulize mara mbili. Nilisema ni yeye aliyesema ukweli. Wao nasema wanajua, na wanashukuru."

"Wanashukuru," nilisema.

"Wanashukuru sana."

Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuambiwa, naye aliyasikiliza yote, kisha akasema pole. Nililia. Nililia palepale mbele ya wateja, kisu mkononi, na mjomba Siraji aliniondolea kisu taratibu akawaambia watu ni vitunguu, ingawa katika bucha yake hakuna vitunguu.

Kilichoniuma si kwamba walikosea. Nilipotulia, kama mimi ninaweza kutulia, niliona kwamba ningekuwa Henrike ningefanya vilevile. Hilo ndilo lililoniuma.

Ilipita wiki nyingine. Jumanne saa tano asubuhi, kukiwa na wateja wengi, simu ililia. Ni Paska. Alikuwa ametuma picha, si kwenye kundi, kwangu peke yangu. Kivuli kwenye wingu, mkia wazi, na mchaniko wa kina katikati. Chini yake ameandika: "Dada, hii iko moja ama mbili? Obitre nasema ufa nakwisha, iko mbili. Mimi iko themanini na moja."

Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Nilifuta damu kwenye vidole, na vidole vyenyewe vikaandika moja. Nakiri kwamba nilifurahi. Bado wananiuliza mimi! Raha ileile ya mwanzo, tamu vilevile, ilinipanda kifuani. Ndipo nilipoitambua, nikafuta.

Nikampigia.

"Paska, unaiona picha?"

"Naona."

"Ikuze. Angalia mkia. Unaona nini?"

"Ndiyo nauliza wewe, dada."

"Usiniulize mimi. Usimuulize Obitre. Wewe, macho yako, yanaona nini?"

Nyuma yake nilisikia vitufe vya wenzangu vikigonga, na Ayiko akikohoa, na mtu chini akipakua mabati. Nilitamani kile chumba kama mtu anavyotamani chakula.

"Naona mkia umefunguka," alisema hatimaye, polepole. "Lakini ule ufa hapana kwisha. Iko."

"Basi andika unachokiona."

"Na kama wale wawili naandika ingine? Mimi nakatwa. Nafika themanini, Dada Sumayah. Alama moja tena, akaunti nafunga."

Nilifunua mdomo nimwambie hawataandika ingine, nimwambie nitampigia Obitre, nitampigia Ayiko, nitazungumza na kila mmoja wao. Ningeweza. Dakika kumi tu zingenitosha.

"Ndiyo," nilisema. "Utakatwa."

Nilimsikia akipumua. Halafu nikasikia kitufe kimoja kikibonyezwa, wazi kabisa, na nilitaka kujua ni kipi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikakata simu kabla ulimi wangu haujanishinda.